Mzee Akifundishwa Kukumbuka, Ubongo Wake Hubadilika Nini?

Mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, mwenye miaka sabini na mbili, alinionyesha simu yake wiki chache zilizopita. Mwanawe alikuwa amemwekea mchezo wa kufunua kadi: unafunua mbili mbili, ukikumbuka picha zinazofanana ziliko, zinaondoka. Alikuwa amepanda hadi ngazi ya arobaini na kitu, na fahari ilimwonekana usoni. Kisha akaniuliza: "Hivi mwanangu, hiki kitu kinanenepesha ubongo kweli? Maana wameandika hapa kwamba ukicheza kila siku hupati ugonjwa wa kusahau."

Ndani ya swali lake mna maswali matatu yaliyofungwa fundo moja. Ubongo wa mtu aliyevuka miaka sitini unaweza kubadilika kwa kujifunza? Ukibadilika, kinachobadilika ni kitu gani? Na mabadiliko hayo yanamkinga na ugonjwa? Majibu yake hayafanani hata kidogo, na anayeyachanganya ndiye anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kumbukumbu si mfuko mmoja

Tuanze na neno lenyewe. Tunasema "fulani ana kumbukumbu nzuri" kana kwamba ni mfuko mmoja, ama mzima ama umetoboka. Ubongo hauko hivyo. Ukinunua umeme wa LUKU unapokea tarakimu 20. Unasoma nne kwenye simu, unazishika kichwani, unazibonyeza kwenye mita, unarudi kuchukua nne nyingine. Kule kushika tarakimu chache kwa sekunde chache ni kumbukumbu ya muda mfupi, ile tunayoifanyia kazi. Ukikumbuka uliyemkuta msibani juzi na mahali alipokaa, hiyo ni kumbukumbu ya matukio. Kujua maana ya neno "shubiri" bila kukumbuka siku uliyojifunza ni kumbukumbu ya maarifa. Na mkono unaosuka ukili huku mdomo ukipiga soga unatumia kumbukumbu nyingine tena, ya ujuzi.

Umri hauzigusi zote sawasawa. Zile mbili za kwanza ndizo zinazolegea: kushika mambo mengi kwa wakati mmoja, na kukumbuka tukio pamoja na mahali na saa yake. Akiba ya maneno na maarifa hudumu vizuri hata katika miaka ya sitini na sabini, na ujuzi wa mikono haupotei upesi. Ndiyo maana babu anasahau jina la mgeni aliyetambulishwa dakika tano zilizopita, lakini ukimtegea kitendawili anakitegua kabla hujamaliza kukitamka. Hajaanza kuchanganyikiwa. Anazeeka.

Hapo ndipo inapobidi kutenganisha maneno mawili yanayogombana vinywani mwetu, uzee na dimenshia. Dimenshia ni jina la jumla la hali ambazo ugonjwa unaharibu ubongo mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake ya kila siku. Alzheimer ndiyo inayoongoza miongoni mwa magonjwa hayo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, na wakakadiria kwamba dimenshia iliwapata asilimia 6.4. Ni wengi, kila mmoja ana familia inayohangaika. Lakini geuza hesabu uitazame upande wa pili: zaidi ya wazee tisini katika kila mia hawakuwa nayo. Makala hii inawahusu hao, wazee wazima wa afya ambao kichwa kimepunguza kasi tu.

Nyumba ya kichwani

"Mafunzo ya kumbukumbu" nayo ni jina moja linalobeba vitu vitatu. Kuna kufundishwa mbinu ya kukumbuka. Kuna kurudia zoezi moja mara nyingi, kama ule mchezo wa kadi. Na kuna kujifunza jambo jipya la kweli, lugha au ufundi, ambalo huwezi kulimudu bila kukumbuka. Kila kimoja kinaufanyia ubongo jambo lake.

Mbinu iliyochunguzwa sana ni ya kale. Wagiriki waliihusisha na mshairi wao Simonides. Tuiite mbinu ya nyumba, na nitaieleza kwa ukamilifu kwa sababu bila kuijaribu huwezi kuelewa kwa nini inaugusa ubongo.

Tuseme unatakiwa kununua chumvi, nazi, kandambili, betri za redio na malimau, na hutaki kuandika. Funga macho, uone nyumba unayoijua vizuri, nyumba ya bibi yako. Barazani mmemwagwa chumvi nene, unaikanyaga pekupeku na inakwaruza nyayo. Mlangoni, badala ya kufuli, imening'inia nazi, ukisukuma inakugonga paji la uso. Ukumbini kandambili mbili zimekaa kitini kama wageni, zinasubiri chai. Chumbani, chini ya mto, pamelazwa betri, na shingo inakuuma. Jikoni malimau yanachemka sufuriani na ukali wake unakutoa machozi. Ukifika dukani, ingia tena nyumba ile kuanzia barazani. Vitu vitakuja vyenyewe, tena kwa mpangilio.

Siri yake ni kwamba orodha ya maneno makavu haina pa kushikia, wakati mahali na picha ni vitu ambavyo ubongo wa binadamu unavishika kwa nguvu. Ndani kabisa ya fuvu, usawa wa masikio, kila upande una kiungo kidogo kilichojikunja kiitwacho hipokampasi. Kiungo hicho kinahusika na kujua njia na mahali, na hicho hicho kinahusika na kuhifadhi matukio mapya. Mbinu ya nyumba inaipandisha orodha ya dukani kwenye barabara ambayo ubongo umeshaichonga tayari.

Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi na Martin Dresler huko Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwafundisha vijana mbinu hii kwa nusu saa kila siku, wiki sita. Mwanzoni, katika orodha ya maneno 72, vijana hao walikumbuka kama thelathini au pungufu. Mwishoni walikumbuka zaidi ya sitini. Vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba jinsi sehemu zao mbalimbali zinavyowasiliana ilianza kufanana na ya mabingwa wa mashindano ya kumbukumbu duniani. Miezi minne baadaye, bila kufundishwa zaidi, bado walikuwa mbele sana ya pale walipoanzia.

Hao ni vijana, na mara nyingi ujumbe unaosambaa kwenye simu huyachukua matokeo ya vijana na kuyavika kanzu ya wazee. Wazee wakifundishwa, hutokea nini?

Wanajifunza. Hilo halina shaka tena. Lakini Paul Baltes na Reinhold Kliegl, waliofanya majaribio Berlin, walionyesha mwaka 1992 jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: vijana na wazee wakifundishwa mbinu hiyo hiyo kwa vipindi vingi, pengo kati yao halizibiki. Linapanuka. Wazee wanapanda, vijana wanapanda zaidi. Nalisema hili bila kulificha kwa sababu wanaouza mafunzo huahidi "ubongo wa kijana". Mzee anaweza kuwa bora kuliko alivyokuwa mwaka jana, na hilo ni jambo kubwa. Lakini umri wa miaka ishirini na mitano haurudi.

Ndani ya fuvu

Mwaka 2010 kikundi cha Oslo, Norway, kilichoongozwa na Andreas Engvig, kiliwafundisha watu wa makamo na wazee wenye afya mbinu ya nyumba kwa wiki nane. Wakapigwa picha za MRI, mashine inayotumia sumaku kuonyesha ndani ya mwili, kabla na baada, pamoja na wenzao ambao hawakufundishwa. Katika maeneo kadhaa, gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la waliofundishwa lilikuwa limeongezeka unene kidogo kuliko la wenzao, na katika baadhi ya maeneo hayo aliyeongezeka zaidi ndiye aliyepanda zaidi katika mtihani wa kumbukumbu.

Mwaka huo huo, Berlin, Martin Lövdén na wenzake walitazama kitu kingine: nyuzi nyeupe zinazounganisha nusu mbili za ubongo, ambazo ni kama nyaya za simu kati ya miji miwili. Vijana na wazee walifanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta saa moja kwa siku, vipindi takriban mia moja, katika muda wa miezi sita hivi. Nyuzi za sehemu ya mbele zilibadilika, na zilibadilika kwa wazee kama kwa vijana. Kwangu hii ndiyo habari nzito kuliko zote. Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba ubongo wa mtu mzima ni udongo uliokwisha kukauka, na wengi wetu bado tunawatendea wazee hivyo, tunawanyang'anya simu na kuwafanyia badala ya kuwafundisha.

Basi mwalimu akiuliza kama ubongo unanenepa, nimjibu ndiyo? Inategemea neno "unanenepa" lina maana gani. Ukilitazama shamba la mahindi kutoka kilimani na ukaona kijani kimekolea kuliko mwezi uliopita, hujui kama imeota mimea mipya au majani ya mimea ile ile yametanuka, au mvua imelowesha udongo ukawa mweusi zaidi. Picha ya MRI iko hivyo. Unene ukiongezeka, huenda ni matawi ya seli za neva yamechipua, au viungio kati yao vimeongezeka, au seli zinazozilisha na mishipa midogo ya damu imebadilika. Picha haisemi ni kipi. Na kama seli mpya za neva huzaliwa katika hipokampasi ya mtu mzima, wanasayansi wenyewe hawajakubaliana: mwaka 2018, ndani ya wiki chache, zilitoka tafiti mbili, moja ikisema karibu hazipo kabisa, nyingine ikisema zipo hata uzeeni. Kwa hiyo ujumbe wowote unaosema "mchezo huu unaotesha seli mpya za ubongo wako" umevuka mpaka wa yanayojulikana.

Kuna jambo jingine husahaulika. Hipokampasi ya mzee asiye na ugonjwa hupungua kama asilimia moja hadi mbili kila mwaka. Fikiria nyumba ya udongo: kila masika ukuta unamomonyoka kidogo. Ukiukuta baada ya masika una unene ule ule, haina maana hakuna kilichofanyika. Kuna mtu aliukandika. Katika tafiti za wazee, mara nyingi faida haionekani kama kuongezeka. Inaonekana kama kutopungua, na utaiona tu ukimlinganisha aliyefundishwa na asiyefundishwa. Ndiyo sababu utafiti usio na kundi la kulinganisha hauna thamani kubwa, hasa kwa kuwa mtu yeyote akirudia mtihani mara ya pili hufanya vizuri zaidi kwa kuuzoea tu.

Kubadilika kwa ubongo si kwa unene peke yake. Kuna pia namna unavyofanya kazi. Mwaka 2003 Lars Nyberg wa Sweden na wenzake waliwafundisha vijana na wazee mbinu ya nyumba huku wakitazama ni sehemu zipi za ubongo zinazowaka wanapoitumia. Kwa vijana ziliwaka sehemu za mbele, zile za kupanga na kuamua, na pia sehemu za nyuma zinazoshughulikia picha na mahali. Kwa wazee zile za mbele hazikuongeza kazi. Lakini wale wazee ambao mbinu iliwasaidia waliongeza kazi katika sehemu za nyuma, na ambao haikuwasaidia hawakuongeza. Wazee wawili wa umri mmoja, somo moja, bongo mbili tofauti. Ukisikia jirani amefaidika na jambo fulani na wewe hukufaidika, usijilaumu kwa uvivu.

Hafidhi na miwani yake

Tumefika mahali penye mkanganyiko mkubwa kuliko wote.

Kila mji wa pwani yetu una mzee aliyehifadhi Kurani. Anasoma juzuu thelathini bila msahafu, na ukikosea irabu moja nyuma yake anakurekebisha. Mzee huyo huyo anaweza kuitafuta miwani yake nyumba nzima na iko kichwani. Hakuna ajabu. Alichokifundisha ubongo wake ni Kurani. Hakuufundisha mahali pa miwani. Na yeye mwenyewe anajua sharti la kazi yake: asipofanya murajaa, asiporudia, aya zinaanza kuteleza. Mambo hayo mawili, kwamba mafunzo hushika pale pale yalipofundishwa na kwamba hayadumu bila kurudiwa, walimu wa chuoni waliyajua karne nyingi kabla ya MRI.

Sayansi imeyakuta. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha jaribio lililofanywa na Adrian Owen kwa kushirikiana na BBC. Watu 11,430 wa miaka 18 hadi 60 walishiriki kwa wiki sita, wengi wao wakicheza michezo ya ubongo. Waliocheza waliboreka katika michezo waliyoicheza. Walipopewa mitihani mingine isiyofanana na ile michezo, hapakuwa na faida ya kuonyesha.

Kwa wazee hasa, utafiti wa kutegemewa ni ACTIVE wa Marekani, uliotoa matokeo ya kwanza mwaka 2002. Watu 2,832 wenye miaka 65 hadi 94, wote wakiishi kwa kujitegemea, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. La kwanza lilifundishwa mbinu za kumbukumbu: kuyapanga maneno kwa mafungu, kuyavika picha, kuyaunganisha. La pili lilifundishwa kufikiri kwa mantiki, kuona utaratibu uliojificha katika mfululizo. La tatu lilifanya mazoezi ya kasi: kwenye kioo cha kompyuta kinatokea kitu katikati na kingine pembeni kwa muda mfupi mno, na unatakiwa uvitambue vyote. La nne halikufundishwa chochote. Mafunzo yenyewe yalikuwa vipindi kumi tu, vya saa moja na kidogo, katika wiki tano au sita, na baadhi yao walipewa vipindi vya marudio miaka iliyofuata.

Kila kundi lilipanda katika lile lililofundishwa, na si katika la jirani. Waliofunzwa kumbukumbu hawakuwa wepesi zaidi wa mantiki, waliofunzwa kasi hawakukumbuka zaidi. Na kupanda kwenyewe kulitofautiana: mara baada ya mafunzo, asilimia 87 ya kundi la kasi walikuwa wameboreka kwa kiwango cha kuaminika, asilimia 74 ya kundi la mantiki, na asilimia 26 tu ya kundi la kumbukumbu. Miaka kumi baadaye, faida ya mantiki na ya kasi bado ilionekana kwenye vipimo. Ya kumbukumbu ilikuwa imefifia.

Hata hivyo, katika mwaka huo wa kumi, makundi yote matatu yaliyofundishwa yalieleza kupata ugumu pungufu kuliko kundi la nne katika shughuli za nyumbani kama kupika, kushika hesabu za fedha na kufuata dawa. Hayo ni maelezo yao wenyewe, hayakupimwa kwa kuwatazama wakifanya, kwa hiyo yachukuliwe kwa tahadhari. Lakini si ya kutupwa.

Kwa nini kumbukumbu ndiyo iliyofifia? Sababu moja inajulikana kwa yeyote aliyewahi kumfundisha mzee mbinu ya nyumba: anaimudu darasani, akirudi nyumbani anaiacha. Kujenga picha ya kandambili kitini ni kazi, na kipande cha karatasi kipo. Mimi sioni ubaya wa karatasi. Kuandika orodha, kuweka funguo msumari ule ule kila siku, kuweka kengele ya simu kwa ajili ya dawa, hizo ni akili pia, na mzee asionewe aibu kwa kuzitumia.

Utawasikia watu wakitaja madereva wa teksi wa London. Habari yao ni ya kweli: Eleanor Maguire alionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na mwaka 2011, akiwa na Katherine Woollett, kwamba inakua kwa wale wanaofaulu mtihani mgumu wa kujua maelfu ya mitaa, na haikui kwa wanaoshindwa. Ila ni miaka mitatu hadi minne ya kusoma, si dakika kumi kwenye simu. Na madereva hao hao walikuwa dhaifu kuliko wengine katika kukumbuka baadhi ya michoro mipya. Sehemu hiyo ya habari haisambazwi.

Na ugonjwa je?

Januari 2016 kampuni ya Marekani inayotengeneza michezo ya ubongo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya mamlaka ya biashara ya nchi hiyo, kwamba iliwatangazia watu bila ushahidi wa kutosha kuwa michezo yake inazuia kupoteza kumbukumbu na dimenshia. Sentensi aliyonionyesha mwalimu kwenye simu yake ni ndugu wa ile iliyotozwa hizo dola.

Ushahidi uliopo ni mwembamba zaidi na unavutia zaidi. Mwaka 2017, watafiti walipowafuatilia watu wa ACTIVE kwa miaka kumi, kundi la kasi lilikuwa na hatari ya dimenshia pungufu kwa asilimia 29 ukililinganisha na wasiofundishwa. Kundi la kumbukumbu na la mantiki hayakuonyesha kinga hiyo kwa uhakika. Isitoshe, katika hesabu hiyo ugonjwa haukuthibitishwa kwa kila mtu kufanyiwa uchunguzi kamili wa daktari. Kwa hiyo kama zoezi lina kinga, lile linaloelekea kuwa nayo si la kukumbuka. Wanaouza michezo ya kukumbuka kwa jina la matokeo haya wanakopa sifa ya jirani.

Mbona basi wengine wanabaki na akili nyepesi hadi miaka mia? Watafiti huzungumzia akiba ya ubongo. Katika utafiti wa watawa wa Kikatoliki wa Marekani ulioanzishwa na David Snowdon, mtawa mmoja, Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101. Vipimo vyake vya akili vilikuwa vizuri hadi karibu na mwisho. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa na alama tele za Alzheimer. Ugonjwa ulikuwapo, lakini ulikuta nyumba yenye vyumba vingi vya kuhamia. Akiba hiyo haijengwi kwa wiki sita. Elimu ya utotoni, kazi yenye kufikirisha, na maisha ya kujishughulisha ndiyo yanayohusishwa nayo.

Bado mtu wa miaka sabini ana la kufanya. Denise Park, huko Texas, aliwagawa watu 221 wa miaka 60 hadi 90: wengine wajifunze kupiga picha kwa kamera ya kidijiti au kushona mablanketi ya viraka, saa kama kumi na tano kwa wiki, miezi mitatu, wengine wakutane tu wazungumze na kutembea, au wafanye vitu rahisi vya nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Waliojifunza ufundi mpya na mgumu waliboreka kumbukumbu ya matukio. Hawakufundishwa kukumbuka, walikumbuka kwa sababu kazi iliwadai.

Miguu nayo. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walichapisha matokeo ya wazee 120, nusu yao wakitembea kwa kasi dakika arobaini, siku tatu kwa wiki, mwaka mzima. Hipokampasi zao ziliongezeka kama asilimia mbili. Za wenzao waliofanya mazoezi mepesi ya kujinyoosha zilipungua. Na Ufini, katika utafiti uitwao FINGER uliotoka mwaka 2015, watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa katika hatari ya dimenshia walifuatiliwa miaka miwili. Waliopewa lishe bora, mazoezi ya mwili, mafunzo ya akili na kufuatiliwa presha na sukari, vyote kwa pamoja, walipanda zaidi ya waliopewa ushauri wa kawaida wa afya. Mafunzo ya akili yalikuwa sahani moja katika mlo huo, siyo mlo wote.

Presha ndiyo ningeiandika kwa herufi kubwa. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, upweke, kutosikia na kutoona vizuri, na elimu ndogo. Mzee asiyesikia vizuri hutulia pembeni ya mkeka, watu wakacheka na yeye akatabasamu tu, na baada ya mwaka tunasema amepoteza kumbukumbu. Jina ambalo hakulisikia angelikumbukaje?

Kuna dalili ambazo hazihitaji mchezo wala mbinu, zinahitaji daktari: kupotea katika njia anayoipita kila siku, kuuliza swali lile lile mara nne asubuhi moja bila kujua ameshajibiwa, kushindwa kupika chakula alichokipika maisha yote, tabia kugeuka ghafla. Baadhi ya visababishi hutibika kabisa: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, maambukizi, hata dawa anazotumia. Katika nchi zetu, ambako bibi kizee aliyepotea njia usiku akakutwa kwenye ua wa jirani amewahi kuitwa mchawi na kuuawa, kumfikisha mapema kituo cha afya na kuwaeleza majirani ni ugonjwa gani ni jambo la uhai wake.

Mwalimu alitaka kujua kama aufute ule mchezo. Nilimwambia asiufute kama unampendeza, ila asiulipie hata shilingi. Tukaongea kuhusu presha yake, ambayo anaipima. Akaniambia kuna kazi aliyokuwa akiiahirisha tangu astaafu: kuandika historia ya shule aliyoanzia kazi, pamoja na majina ya wanafunzi wake wa kwanza wa mwaka 1978, na kwa kuwa mwandiko wake siku hizi unatetemeka, anataka ajifunze kuchapa kwenye kompyuta ya mjukuu. Nilimuuliza atawakumbukaje watoto wote wale. Akafumba macho, akaanza kuonyesha kwa kidole hewani, dawati la kwanza karibu na mlango, la pili, la tatu, akitaja wawili wawili kama walivyokuwa wameketi. Jumamosi iliyopita alikuwa amechapa kurasa mbili, na alikuwa amefika safu ya dirishani.